Udongo wa Nandagala

Zulfa alipotoka eda na kurudi maabara Nachingwea, bakteria wa Shaibu walikuwa bado hai. Shaibu, mumewe, aliyefanya kazi hapohapo, aliwapata chini ya mkorosho wa mama yake kule Nandagala, mahali viwavi walipokuwa wakifa bila dawa, kwa kuuawa nao. Alileta udongo kwenye mfuko wa nailoni. Baadaye pikipiki ikamuua. Bakteria wakabaki kwenye jokofu, wamejifungia ndani ya ganda lao, hawali, hawazaani. Zulfa naye alikuwa amekaa hivyohivyo.

"Karibu tena, Da Zulfa," alisema Anselmo, mwenzake. "Jokofu limejaa. Hawa wa Shaibu wakifanana na wale tuliowatoa Chinongwe, tunabakiza wa Chinongwe tu."

"Na wakitofautiana?"

"Wanapewa chumba chao, na jina la Nandagala mlangoni."

Kwa darubini wote walikuwa vijiti vilevile. Ilibidi kuwapima kwa chakula. Zulfa akawalisha wanga, kiini cha yai, kisha sukari za aina mbalimbali katika mirija yenye maji mekundu. Wakiila, maji hugeuka njano. Kila mrija wa Chinongwe uliogeuka, na wa Nandagala uligeuka. Ikabaki sukari ya mwisho. Jioni, wa Chinongwe ulikuwa njano. Wa Nandagala ulikuwa mwekundu.

Zulfa aliushika muda mrefu.

"Andika wametofautiana, ukapumzike," alisema Anselmo akivua koti. "Au wamemrithi Shaibu kwa kujivuta? Kikombe kimoja cha chai, asubuhi nzima."

Zulfa akacheka kidogo, akaurudisha mrija kwenye kabati la joto. "Muda wao ni mpaka kesho."

Nyumbani alipika wali. Ukazidi tena.

Asubuhi mrija ulikuwa njano.

Akaandika kwamba ni walewale. Mirija akaitia mwenyewe kwenye chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu, akasimama karibu mpaka kilipopoa.

"Ungeandika jana, nani angejua?" aliuliza Anselmo kwa sauti ya chini.

"Shaibu ndiye aliyenifundisha kusubiri asubuhi."

Jumamosi alikwenda Ruangwa, akafika Nandagala na mfuko uleule wa nailoni. Mama mkwe, Bi Swaumu, alikuwa akifagia chini ya mkorosho.

"Umeleta nini, mwanangu?"

"Udongo wenu, mama."

"Mbona kidogo?"

"Mwingine tuliupima."

Bi Swaumu akasogeza ufagio. Zulfa akaumwaga pale penye majani makavu. Ulipogusa chini, haukujulikana tena upi ni upi.