Mwisho wa Hadithi ya Ngoma

Mzee Motaleb Sikder alijua hadithi nyingi kuliko mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, lakini ile ya kwanza kabisa hakujua inakwishaje. Aliniambia hivyo asubuhi moja nikimpaka mafuta miguuni, kwenye apatimenti yake ya Whitehall, nami nikacheka. Yeye hakucheka. Nikaendelea na kidole gumba cha mguu.

Kazi yangu ni kutunza wazee. Nawaogesha, nawapikia, nawapa dawa kwa saa zake, na wengine hawatamki neno siku nzima. Huyu alinipenda kwa sababu nina mdomo mrefu. Aliniita "Ma", kwani kwao Bangladeshi ndivyo mzee anavyomwita msichana mwenye umri wa binti yake. Kwetu Bukavu nasi tunamwita binti "mama", basi hapo hatukuwa na la kuelezana. Mengine tulisemezana kwa Kiingereza cha kuokota. Yeye alikiokota vitabuni, mimi ghalani nilikofanya kazi mwanzo.

Alikuwa mshairi tangu ujana, na vitabu vyake vilisimama rafuni vikipata vumbi nililolifuta mimi. Ila maisha yake yaliliwa na hadithi za watu wengine. Alizunguka vijijini na kinasa sauti kizito begani, akalala katika vibanda vya wafinyanzi, akasikiliza vikongwe mpaka taa zikaishiwa mafuta. Alikuwa na sheria moja, kwamba chungu cha mwenzio usikitie chumvi. Alichosikia ndicho alichoandika, hata kama kilikuwa nusu.

Ndiyo maana hadithi ya kwanza ilibaki bila mkia. Bibi yake ndiye aliyemsimulia utotoni, na kila mara usingizi ulimchukua mahali palepale. Jitu limemfungia msichana ndani ya ngoma iliyowambwa ngozi ya ng'ombe wa baba yake. Linaibeba ngoma karamu hadi karamu, nayo inaimba, watu wanacheza. Siku moja inafika kijijini kwa akina msichana. Hapo mzee alikuwa akilala. Bibi akafa, naye akautafuta mwisho ule nchi nzima asiupate.

"Sisi tunayo hiyo," nikamwambia.

Akashika mkono wangu uliojaa mafuta. "Na mwisho wake?"

Nikaona haya. Mimi pia nilikuwa nalala palepale.

Sasa muda ulikuwa umebana. Mwisho wa mwezi alitakiwa kuhamia Buffalo kwa Nasima, binti yake wa pekee, na safari hiyo ilimkosesha raha. "Nasima anasema niliwasikiliza bibi wote wa nchi yetu," aliniambia, "ila yeye sikumsikiliza. Ni kweli, Ma. Nilikuwa barabarani. Nataka angalau nifike kwake na kitu kizima mkononi."

Nikampigia mama yangu, mama Emérence, anayekaa Louisville kwa kaka yangu Polycarpe. Nilidhani ni jambo la dakika chache.

"Hadisi ya kwa telefone?" akasema. "Nitajua aje kama ule muzee ako macho? Tena ni muchana. Muchana hatuambiaka hadisi, Nzigire, unajua. Mutu anabakia mufupi."

"Mama, mzee huyu hawezi kurefuka tena."

"Bon, mimi je? Mimi niko mufupi ya kutosha. Ngojeni nikuje."

Akaja kwa basi, na mfuko wa sombe, kisamvu cha kwetu, na samaki wakavu uliowafanya abiria wenzake wamkumbuke maisha yao yote. Nasima alikuwa ameniomba nimlete baba yake kwa gari, kwa vile amenizoea, nasi tukamwahidi kufika saa kumi na mbili jioni. Jumamosi tukapakia vitabu nyuma, mama akakaa kando ya mzee, tukaondoka. Ilikuwa Desemba, na kabla hatujafika Erie giza lilikuwa limeshuka. Mama akachungulia nje, akaridhika.

"Muko?" akauliza.

"Tuko," nikaitika, nikamfundisha mzee naye aitike. Kwetu ndivyo ilivyo. Msimuliaji anauliza, msikilizaji anaitika, na asipoitika mtu, hadithi inakatika hapohapo. Mama alisimulia, mimi nikatafsiri huku nikitazama theluji inayokuja kiooni. Mzee aliitika vizuri, kwa sauti ya mwanafunzi. Jitu likaja, ngoma ikaimba, karamu zikapita. Ngoma ikafika kijijini.

"Muko?"

Kimya. Nikatazama kwenye kioo cha kutazamia nyuma. Mzee Motaleb, aliyekesha na vikongwe wa nchi nzima, alikuwa ameinamisha kichwa, mdomo wazi, amelala fofofo. Nilitamani kulia na kucheka pamoja.

"Mama, endelea, mimi nasikia."

"Weye endesha motokari. Hadisi ni ya mutu mwenye aliiomba."

Niliposimama kuweka mafuta, nikanunua chai ya moto, nikamwamsha. Alipojua kilichotokea akafunika uso kwa viganja. Mama akamshushia mikono taratibu, akamshikisha kikombe, na hakuniruhusu kuwasha gari.

"Muko?"

"Tuko," mzee akasema, macho yamemtoka.

Mama akamaliza. Kijiji kizima kilicheza, na mama wa msichana alicheza kuliko wote. Miguu ilipomchosha akaketi, na ndipo aliposikia kwamba ile ngoma ina maneno. Akachukua kisu, akapasua ngozi. Msichana akatoka, na hakulia. Aliuliza tu, "Mbona mmechelewa?" Mama yake akamjibu, "Sauti yako ilikuwa tamu, mwanangu. Tulikuwa tunacheza."

"Basi?" mzee akauliza.

"Njo basi, imeisha. Mwisho ya hadisi hii si ya batoto, muzee. Ni ya bazazi. Batoto balale tu."

Nilimtafsiria hayo pia. Chai ikampoa mkononi kabla hatujafika Buffalo.

Theluji ilifika vifundoni tuliposimama mlangoni kwa Nasima. Alifungua kabla hatujabisha, amejitanda shali, wasiwasi umemjaa.

"Mbona mmechelewa?" akauliza kwa Kiingereza.

Mama akanivuta mkono nimwambie amesema nini. Nilipomwambia, akaziba mdomo.

Mzee alikuwa amesimama mguu mmoja kwenye ngazi. Akamtazama binti yake. "Sauti yako ilikuwa tamu, Nasima," akasema. "Tulikuwa tunacheza. Maneno hatukuyasikia."

"Baba, umechoka. Ingia."

"Sijachoka. Kaa, nikusimulie hadithi. Sijawahi kukusimulia hata moja."

Nasima akatuingiza ndani. Alitupakulia wali na dengu, kisha akakaa kitini mbele ya baba yake, mikono mapajani, kama mtu asiyejua ameitiwa nini. Mzee alisimulia kwa Kibengali, nami sikuambulia neno, ila nilijua ngoma inapoimba. Kila alipofika mahali fulani alitulia, akauliza kwa Kiswahili, "Muko?" Nasima hakujua la kujibu, basi mama akamwitikia na wali mdomoni, "Tuko." Mara ya pili vilevile.

Mara ya tatu mama alikuwa bado anatafuna, na Nasima akaitika mwenyewe.