Namba ya Prosper

Siku kumi na sita za mwisho za mitihani, Matrida Wambura aliishi kwa meseji za kaka yake. Zilikuja asubuhi na jioni, bila kukosa. "Kula kabla hujaingia kwenye mtihani. Anayesoma na njaa anasoma nusu." "Lala mapema leo. Usiku wa mwisho hauongezi akili."

Prosper alikuwa fundi wa mafriji Musoma mjini, mtu wa maneno machache na meseji fupi kuliko hata maneno yake: "poa", "bdae", "mzima ww?" Sasa ghafla alikuwa anaandika sentensi nzima, zenye herufi kubwa na nukta. Matrida alimtania: "Kaka, umeokoka, au umepata mchumba mwalimu?"

Jibu lilichelewa saa mbili nzima. "Nimekua tu, mdogo wangu."

Alipompigia, hakupokea. "Maiki ya simu imekufa. Tuandikiane."

Matrida alikuwa mwaka wa pili chuoni, Dodoma, na kwa kweli likizo ndefu ilimtisha kuliko mtihani wenyewe. Nyumbani kwao Butiama, baba yake, mzee Wambura, karani mstaafu wa mahakama ya mwanzo, alikuwa mtu wa kuhoji. Unaenda wapi, na nani, kufanya nini, utarudi saa ngapi. Akishajibiwa aliuliza tena kwa mpangilio mwingine, kama anayepima ushahidi. Likizo iliyopita walinuniana wiki mbili kwa sababu Matrida alikwenda Bunda kwa rafiki yake Eunice bila kuaga. Kwa hiyo safari hii alimwandikia Prosper: "Nipe mbinu. Nitaishije na mzee miezi mitatu?"

Majibu yalikuja kwa vipande, kutwa nzima.

"Mipango yako iseme kabla hujafika. Mzee hapendi kushtukizwa."

"Usilale mpaka saa nne asubuhi. Hata kama huna kazi, toka nje, mama akuone. Amekaa muda mrefu bila mtu wa kuongea naye."

"Nguo zako fua mwenyewe. Chuo kimekuzoesha uhuru, lakini mtu mzima asiyefua ni mgeni tu."

"Safiri mchana. Mtumie mtu mmoja jina la basi na saa linapoondoka. Begi lenye vyeti usiliweke kwenye buti, lipakate."

La mwisho lilifika jua likizama. "Baba akikuuliza mara tatu unakwenda wapi, si kwamba hakuamini. Ni mwoga. Amekuwa mwoga maisha yake yote, na anadhani haionekani."

Matrida alicheka, halafu kicheko kikamkauka mdomoni. Hakujua kama Prosper aliwahi kumtazama baba yao kwa karibu namna hiyo. Akaandika, "Nimekukumbuka kaka," na jibu likaja papo hapo, kana kwamba mtu alikuwa ameishika simu mkononi akilisubiri neno hilo: "Na mimi nimekukumbuka kuliko unavyojua. Njoo nyumbani salama."

Maneno kama hayo hayakuwahi kutoka kwa Prosper tangu wazaliwe.

Alisafiri na Eunice, wakalala Mwanza kwa ndugu zake Eunice, na kesho yake mchana wakashuka stendi ya Bunda. Prosper alikuwa ameahidi kumpokea hapo. Mama yake Eunice alikuja kumchukua bintiye, akamkumbatia na Matrida. Alimkumbatia muda mrefu mno.

"Pole, mwanangu," alisema. "Pole sana... na safari." Kisha akageuka upesi, akajifanya anatafuta mzigo.

Matrida alibaki peke yake na mabegi yake mawili. Akatoa simu, akaandika: "Nimefika stendi. Uko wapi?"

Nyuma yake, jogoo akawika.

Ulikuwa mlio wa meseji wa Prosper. Aliuweka makusudi kuwaudhi watu, na hakuna mwingine aliyekuwa nao. Matrida akageuka huku anacheka. Kicheko kilikuwa bado usoni alipomwona baba yake amesimama hatua nne kutoka kwake, katika koti lake la kahawia, kichwa kimenyolewa kikabaki kinang'aa juani, na mkononi ameshika simu ya Prosper, ile iliyopasuka kioo pembeni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Pole na safari."

"Kaka yuko wapi? Mbona simu yake unayo wewe?"

Mzee aliitazama simu, kisha akamtazama binti yake. "Yuko nyumbani," alisema. "Twende. Anatusubiri."

Alikuwa amekodi gari dogo, yeye ambaye hakuwahi kukodi hata baiskeli. Dereva hakuwasha redio. Matrida aliuliza kama kaka anaumwa, baba akasema, "Tukifika." Akauliza tena, baba akasema, "Tukifika, mama," kwa sauti ndogo hivi kwamba Matrida aliogopa kuuliza mara ya tatu. Makutano wakaiacha barabara kuu, wakashika ya Butiama. Alitaka gari liende haraka, na papo hapo akatamani lisifike.

Lilipokata kona ya nyumbani aliona kabla halijasimama. Pembeni ya kaburi la bibi, karibu na mihogo, palikuwa na tuta la udongo mwekundu, maua ya nailoni yaliyopauka, na msalaba wa mbao. Jina lilisomeka kutoka barabarani. Mama yake akatoka ndani bila kanga ya kichwani, na ukelele alioutoa haukuwa wa kumpokea mtu.

Shangazi Robi ndiye aliyemkalisha kitako na kumweleza, kwa kuwa wazazi wote wawili hawakuweza. Homa ilimkamata Prosper huko Musoma Jumatatu. Jumatano akapelekwa hospitali. Alhamisi alfajiri akafariki. Walimzika Jumamosi.

"Tuliogopa mitihani yako, mwanangu. Tulikaa kikao, wazee wakasema tusikuambie. Ungefeli, ama ungepatwa na jambo njiani."

"Alhamisi ipi?"

Shangazi akaitaja. Matrida akafungua simu yake, akarudisha meseji nyuma. Ya mwisho ya Prosper mwenyewe ilikuwa ya Jumanne: "homa tu bdae". Baada ya hapo zilianza herufi kubwa na nukta. Alizihesabu. Zilikuwa arobaini na sita.

Hakulia siku hiyo. Alimwangalia baba yake, aliyekaa kwenye kigoda nje ya mlango, na akahisi amekaa mezani wiki mbili na mtu aliyevaa uso wa kaka yake.

Wiki zilizofuata nyumba ile haikukalika. Majirani waliendelea kumwita mama yake "Mama Prosper", na kila alipoitika, Matrida aliacha alichokuwa akikifanya. Mzee hakuizima simu ya marehemu. Aliichaji kila siku, akatembea nayo mfukoni. Wateja wa Musoma wasiojua walipiga kuulizia mafriji yao, naye akajibu kwa upole, "Hayupo. Mimi ni baba yake." Jogoo aliwika zizini, aliwika kwenye shamba la mtama, aliwika nyuma ya choo saa sita mchana. Kila alipowika mama aliinua kichwa na kutazama njia ya kutokea barabarani. Alijua hakuna anayekuja, na bado alitazama.

"Izime, baba Prosper," alisema siku moja, ameshika mwiko. "Nakuomba."

"Nitaizima," mzee alisema. Hakuizima.

Matrida hakuongea naye. Alimsalimia asubuhi kwa sababu shikamoo haikwepeki, basi. Alifua nguo zake mwenyewe, akaamka mapema, akakaa na mama jikoni, na siku moja katikati ya kuchambua dagaa akagundua kwamba alikuwa anafuata, moja baada ya jingine, mashauri ya mtu aliyekuwa tayari kaburini alipoyapokea. Akauacha ungo pale pale, akatoka nje kutapika.

Kesho yake, kabla hakujapambazuka vizuri, alivaa, akaondoka kwenda Musoma bila kumwambia mtu. Simu aliizima.

Prosper alikuwa amepanga chumba Makoko, karibu na ziwa. Matrida hakujua alichokwenda kutafuta. Alipofika, kwenye kamba ambayo kaka yake alikuwa akianikia ovaroli zake palikuwa na nepi za mtoto. Chumba kilikuwa na mpangaji mpya. Mama Mayala, mwenye nyumba, alimtambua kwa sura kabla hajajitambulisha.

"Unafanana naye mpaka unaogopesha," alisema, akamvutia kiti. "Alikuwaga anakutaja kila siku. Alisemaga, mdogo wangu akija likizo nitamzungusha ziwani mpaka achoke. Siku anapelekwa hospitali alinambia, mama, dada yangu asisumbuliwe. Nikajua anasema asisumbuliwe siku hiyo. Sikujua kama anaaga."

"Alisema hivyo kweli?"

"Hapa hapa mlangoni. Baba yako nilimwambia siku ya mazishi."

Matrida alishuka mpaka ufukweni. Palikuwa na wanawake wanaanika dagaa, na upepo wa ziwa ulikuwa unavuma kwa nguvu. Akakaa kwenye jiwe, akawasha simu, akafanya jambo ambalo mwenyewe hakulipanga. Alimwandikia Prosper.

"Kaka. Ulikufa na mimi niliendelea kukuchekesha. Baba amekuvaa kama koti. Sijui siku gani nilikuaga."

Ilipokwisha kwenda ndipo alipokumbuka inakokwenda. Aliwaza jogoo akiwika Butiama, na mkono wa mzee ukiingia mfukoni. Alitaka kuifuta. Kisha akasema moyoni, mwache asome.

Dakika zikapita nyingi. Wanawake waligeuza dagaa zao upande wa pili. Simu ikatetemeka.

"Nimesoma. Mimi ni baba yako, siyo Prosper. Mama yako hajala tangu asubuhi. Uko wapi? Nauliza mara moja tu."

Ilikuwa mara ya kwanza namba ile kumwambia ukweli tangu Jumanne ile. Na hapo, mbele ya watu asiowajua, Matrida alilia. Alilia mpaka mwanamke mmoja akaacha dagaa zake akaja kukaa kando yake, bila kumuuliza kitu.

Alijibu, "Musoma. Narudi sasa hivi."

Baba yake alikuwa amesimama Makutano alipoteremka. Kwa vumbi lililokuwa kwenye viatu vyake alikuwa amesimama pale muda mrefu. Hawakuchukua bodaboda. Waliingia kwenye kibanda cha chai, wakaagiza, na vikombe vikapoa mbele yao.

"Nilikuwa kaburini," mzee alianza, hajaulizwa. "Padri anabariki. Simu yake nilikuwa nayo mfukoni, nilisahau kuizima. Ikawika. Watu wote wakageuka. Mama yako akaanguka chini. Nikaitoa, nikakuta ni wewe, unauliza umletee nini kutoka Dodoma. Nisingejibu, ungepiga. Ungepiga mpaka mtu akuambie. Nikaandika, 'Njoo na zabibu.' Watu wanatupa udongo, mimi naandika zabibu."

Matrida alikumbuka. Zabibu zilikuwa zimeozea kwenye begi.

"Siku ya kwanza ilikuwa uongo wa kukulinda," mzee akaendelea. "Hilo wazee walikubaliana. Lakini baadaye, mama, sitaki kukudanganya tena. Baadaye nikawa nasubiri uandike. Ukiandika 'kaka', kwa muda ule kaka yupo. Anaulizwa, anajibu. Anakula, anachelewa kulala. Nikiweka simu chini anakufa tena. Kwa hiyo sikuwa naiweka chini."

"Na yale ya kuishi na wewe? Kwamba wewe ni mwoga?"

"Hayo ni yangu."

"Kwa nini hukuniambia mwenyewe?"

Mzee alikizungusha kikombe mezani. "Kwa jina langu nisingeyaweza," alisema. "Ungeyasikia kama amri. Mimi nikizungumza na nyinyi nasikiaga sauti ya mahakama inanitoka. Kwa jina lake, maneno yalikuja yenyewe."

"Ulininyima kumzika, baba."

"Nilikunyima."

Hakuongeza neno la kujitetea, wala hakumtaja Prosper na maneno yake ya mlangoni, ingawa angeweza. Matrida alisubiri ataje. Hakutaja. Kwa hilo peke yake ndipo alipoweza kunyanyua kikombe na kunywa ile chai baridi.

Walitembea sehemu ya njia kwa miguu. Karibu na nyumbani mzee alitoa simu, akaibonyeza kwa muda mrefu mpaka kioo kikawa cheusi, akampa binti yake. Matrida aliipeleka kwa mama. Mama aliifunga kwenye kitambaa, akaiweka sandukuni pamoja na cheti cha ubatizo, na usiku ule alikula.

Hayakunyooka yote. Matrida hakumsamehe baba yake likizo ile, na alimwambia hivyo waziwazi. Mzee alisema amesikia. Kulikuwa na siku alizotamani kuandika kwa ile namba, akaandika mpaka nusu, akafuta. Kulikuwa na siku mama alitazama njia ingawa hakuna kilicholia. Lakini walikuwa watu watatu waliokuwa wanaongea kwa midomo yao wenyewe, na hilo kwao lilikuwa geni kuliko msiba.

Mwezi wa tisa ulipoanza, Eunice alimwalika Bunda siku mbili. Matrida alisema siku nne kabla, wakati wa chakula: anakwenda kwa Eunice, atalala huko, atarudi Jumapili mchana.

Mzee Wambura alitafuna taratibu. "Mtapita barabara kuu?" aliuliza.

"Ndiyo, baba."

Ilionekana dhahiri maswali mengine yalivyompanda kooni. Aliyameza pamoja na tonge, akanawa, akatoka nje. Kupitia dirishani Matrida alimwona ameegemea boma la ng'ombe, mikono yote miwili imeshika mti wa juu, mabega yakipanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbia mbali. Alimtazama mpaka yalipotulia. Halafu akaingia chumbani, akaanza kupanga nguo za safari.