Wagonjwa wa Siku ya Mlolongo

Mwaka ule wa 1988 wakubwa waliona kura ya siri inasumbua watu bure. Karatasi za nini? Kila mtu asimame nyuma ya picha ya mtu wake, mchana kweupe, shemeji amwone, mwajiri amwone, na mbuzi wa jirani amwone. Wakauita mlolongo.

Tangu siku hiyo kijiji kizima, huko juu ya Giakanja, kikakosa usingizi. Watu walisalimiana kwa kukohoa, wasije wakatamka jina. Aliyetaabika zaidi ni Wamae, mpima kahawa wa kiwanda cha ushirika. Mwenyekiti wa kiwanda, Theuri, alikuwa anagombea udiwani. Mpinzani wake alikuwa Kingori, kaka yake Wachuka, mke wa Wamae. Tena Kingori ndiye aliyewapa kipande cha shamba walichojengea nyumba. Nyuma ya Kingori, kazi kwaheri. Nyuma ya Theuri, mke kwaheri. Njia mbili zilimshinda fisi, na fisi hana hata mwajiri.

Basi asubuhi ya kura Wamae akashika tumbo.

"Ati tumbo?" Wachuka akauliza.

"Ni kama kisu iko ndani."

"Pole. Kisu ngapi?" Wachuka akajifunga kitambaa, akaenda kumsimamia kaka yake.

Zahanati ilipakana na uwanja wa shule, mahali pa kupigia kura. Wamae alifika amejikunja, akakuta wanaume arobaini wamejikunja kabla yake. Muriithi mchinjaji, aliyebeba fahali mzima jana, leo hawezi kuinua mkono. Mzee wa kanisa naye amepofuka ghafla, ila saa yake anaisoma.

Nesi Subira akawatazama, akacheka. "Wazee, dawa ya woga niko nayo wapi? Haya, pangeni laini."

Wakapanga, tena ilinyooka vizuri mno.

Saa tano naibu wa chifu, ambaye hesabu ya uwanjani haikumpendeza, akavuka ua na picha ya Theuri, akasimama mbele ya wagonjwa.

"Moja, mbili, tatu..."

Wamae alitaka kupiga kelele kwamba wao wamekuja kutibiwa. Lakini kusema hivyo ni kumkataa Theuri mbele ya watu. Akameza maneno. Wenzake wote wakameza, na tumbo safari hii likamuuma kweli. Yeye alikuwa wa arobaini na moja.

Kingori alishindwa kwa kura kumi na saba.

Kesho yake Wachuka alikuwa ndiyo kwanza amemwekea mgonjwa wake uji, Theuri akaita kutoka kwenye ua, kwa sauti ya kusikika hadi sokoni.

"Wamae! Asante sana kwa kunisimamia! Kazi yako iko salama!"

Wamae akainamisha kichwa. Aliona aibu, na hakukuwa na laini ya kujificha.

Wachuka akaliondoa bakuli mezani, polepole, bila kumwaga hata tone.

"Umepona," akasema. "Sasa enda ukule kwa Theuri."