Ufunguo Uliopita Langoni

Siku waliyomfukuza Spika walimpekua mfuko wakitafuta bisibisi. Askari wa lango, mtu aliyekuwa akimwamkia kila asubuhi, alimwaga vitu vyake chini mbele ya mafundi wote: kandambili, bakuli la chakula, miwani, shati la kubadilisha. Aproni wakachukua. Kitambulisho na funguo za stoo wakachukua. Kosa lake lilikuwa kudai barakoa za vumbi kwa mafundi wanaochonga miguu ya bandia, na kuzidai kwa sauti. Jina la Spika hakupewa kwa kunong'ona. Bisibisi hawakuiona kwa kuwa haikuwapo. Lakini ufunguo mkubwa kuliko zote ulipita langoni ndani ya mfuko wa suruali yake, na hakuna aliyeuulizia.

Ufunguo huo ulikuwa namba yake ya simu. Karakana ilipoanza kutumia barua pepe, Bosi aliiona kazi ya kuchafua vidole. "Fungua hiyo kitu, weka namba yako, mimi sina muda," akamwambia Spika. Ikafunguliwa akaunti moja yenye nenosiri moja, na ofisi nzima ikalijua kama inavyojua kopo la sukari lilipo. Oda za skrubu, malalamiko ya wateja, picha za wagonjwa na vigutu vyao, vyote vikatupwa humo pamoja kama nguo chafu kwenye beseni. Spika alisema: kila mtu awe na akaunti yake, picha za watu ziwekwe mbali, anayeondoka afungiwe siku hiyohiyo. Akaambiwa anapenda makuu. Ndivyo walivyo wenye mali. Nati watakuhesabia, mlango watauacha wazi.

Sasa Spika alikuwa na kibanda chake cha kutengeneza viti vya magurudumu. Asubuhi moja alikuwa amekipindua kimoja, anakaza gurudumu, simu ikalia mlio wa ujumbe. Namba ya kuthibitisha, tarakimu sita, kwa ajili ya akaunti ya karakana. Hajamaliza kushangaa, simu ikaita.

"Shikamoo, mzee wangu," ilisema sauti ya kijana mpole.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Mimi ndiye fundi mpya wa kompyuta hapa karakana. Kuna namba imeingia kwenye simu yako, tunataka kubadili nenosiri. Lakini kwanza, mzee, nimetumwa nikuombe radhi."

Spika akaweka spana chini. "Umetumwa na nani?"

"Na Bosi mwenyewe. Anasema alikukosea. Samahani, tulikukosea. Roho inamuuma."

Muda wote tangu lile lango Spika alikuwa akiyangoja maneno hayo. Aliyangoja akila, aliyangoja akioga. Mtu aliyenyimwa haki yake akipewa hata kivuli chake hukikumbatia.

"Haya, andika," akasema. "Nne. Saba. Moja..."

"Mungu akubariki, mzee. Kwa kweli kupekuliwa kama mwizi wa kuku, mbele ya mafundi uliowafundisha kushika tupa, si jambo dogo. Endelea."

Spika hakuendelea. Mwizi wa kuku, mafundi aliowafundisha kushika tupa: hayo yalikuwa maneno yake mwenyewe. Aliyaandika baada ya kufukuzwa, kwa barua pepe kwenye akaunti ileile ya karakana, kumpelekea Bosi, na hakujibiwa. Na Bosi, jinsi Spika alivyomjua, hajapata kusoma barua ya mfanyakazi akavuka salamu.

Anayeongea alikuwa ameisoma barua ile. Yumo ndani ya akaunti.

"Mzee? Namba inaisha muda, baba."

"Subiri, macho yangu haya ya kuazima," Spika akasema. "Nivae miwani."

Simu nyingine ikaanza kugonga juu ya ile. Namba ya ofisi. Akabonyeza.

"Wewe Spika!" Bosi alifoka, hata salamu hakuna. "Akaunti ya kampuni inafanya nini kwenye simu yako? Umeiba mpaka barua? Lete hiyo namba, mshenzi wewe!"

Spika akacheka, kicheko kikavu. Ama kweli, huyu ndiye. Mwenye mali halisi utamjua kwa matusi yake. Wa kuomba radhi alikuwa mwizi.

"Nitajuaje kuwa ni wewe?" akamtania.

"Nitakuletea polisi!"

"Sasa nimejua. Nipe Mama Stempu."

Mama Stempu, karani wao, alishika simu akihema. "Kaka, kuna mtu ameingia. Jana nilipata ujumbe eti niingize paswedi upya, nikaingiza. Anasoma kila kitu. Atakayeandika namba hiyo kwanza anabadili paswedi, mwenzake anabaki nje. Picha za watu zote zimo, kaka. Na ya mpwa wako."

Mpwa wake. Mtoto wa dada yake, aliyepigwa picha akiwa mdogo, kigutu wazi, nguo ya ndani tu. Leo ni mwalimu, na darasa zima linamwita madamu. Spika aliiona ile picha ikipita kwenye simu za wanafunzi wake, mkono kwa mkono.

Angeweza kumfanya Bosi apige magoti. Alikuwa naye kiganjani. Lakini atakayelipia si Bosi.

"Omba namba nyingine, hii nimeshamsomea nusu," akasema. "Upesi!"

Ujumbe ukalia. Akaisoma namba tarakimu kwa tarakimu, akisikia vidole vya Mama Stempu vikigonga. Kijana mpole alikuwa ameshakata, sasa simu yake ikigonga juu ya hii tena, na tena. Kisha akaacha.

"Imekubali," akasema Mama Stempu, akaanza kulia. "Tumemfungia nje."

Bosi alimnyang'anya simu. Hakusema asante. "Sasa tunaitoa namba yako humo. Itakuja namba nyingine ya kuthibitisha, uisome."

"Hiyo siisomi kwa simu," Spika akasema. "Nakuja."

Langoni askari alinyoosha mkono kuelekea mfuko wake, kwa mazoea.

"Leo ninazo bisibisi," Spika akamwambia. "Mbili. Tafuta."

Mkono ukarudi. "Pita, mzee."

Akapita katikati ya karakana. Tupa zikasimama. Vumbi jeupe lilikuwa kwenye kope za mafundi, kwenye midomo, kama unga, vilevile kama siku ile. Bosi alimngoja kwenye meza ya Mama Stempu, kalamu mkononi. Simu ya Spika ikalia ujumbe.

Spika akaitazama namba, akaugeuza uso wa simu kifuani.

"Kabla sijaisoma," akasema, kwa ile sauti yake. "Barakoa ziko wapi?"