Shahidi Aliyesema na Mungu Tu

Mwalimu wetu wa historia, Christophe-Aimé, alisema hataki tena kusikia tarehe kutoka vinywani mwetu. Tulikuwa tumezoea kumpa tarehe kama watoto wa katekisimu wanavyompa padri majibu: yeye anauliza, sisi tunaimba, na hakuna anayejua ameimba nini. Akasimama mbele ya darasa letu la jioni hapa Kamembe, Rwanda, mbele ya watu wazima tunaobanwa magoti na madawati ya watoto, akatangaza kwamba kila mmoja atatengeneza kazi ya sauti. Simu zetu zinaweza kurekodi. Tumtafute shahidi aliye hai, azungumze juu ya jambo lililobadilika hapa kwetu, tulete sauti yake, isizidi dakika kumi. Mwishoni sisi wenyewe tuseme tumejifunza nini.

"Na asiyeleta?" akauliza Nzabonimana, motari wa kubeba abiria, anayekaa nyuma yangu na kofia yake ya pikipiki mapajani.

"Asiyeleta simwandikishi mtihani wa taifa."

Hilo lilinihusu mimi kuliko wote. Mwaka uliotangulia sikuandikishwa kwa sababu ya hesabu. Nilikuwa nimemwambia Mungu wazi kwamba nikikosa tena sitarudi shule. Nitauza vitenge vyangu sokoni mpaka anichukue, na huko mbinguni asije akanipa kazi inayodai cheti. Sikumtishia. Nilimjulisha tu.

Historia niliyoitaka niliijua palepale. Zamani wanawake wanaovuka mpaka wa Rusizi ya Kwanza na mizigo kwenda Bukavu, upande wa Kongo, walikuwa na kikundi kimoja cha maombi. Sasa viko viwili. Vinakutana siku moja, saa moja, katika nyumba mbili zinazotazamana, na vinaimba kwa kushindana hadi jirani wa pembeni amehamishia kitanda jikoni. Vyote vinavaa kitenge kilekile. Vyote vinasema ndivyo vya kwanza. Sababu ya kugawanyika inajulikana nusunusu: miaka ya korona mpaka ulifungwa, ikatoka ndoto, zikanunuliwa nyanya, nyanya zikaoza. Mimi wakati ule nilikuwa bado naishi Bukavu, nimefungiwa upande wa pili, kwa hiyo sikuona kitu.

Aliyeota alikuwa Maman Béatrice. Aliyetoka na nusu ya wanawake alikuwa Maman Speciose, ambaye ndiye mama yangu wa kiroho. Na ili Mungu apate kunicheka vizuri, Maman Béatrice anasoma darasa letu, dawati la mbele kabisa.

Jumamosi mchana nilikwenda kwa Maman Speciose. Nilimkuta uani amekaa na ungo wa sambaza, anachambua mchanga kutoka katika vile visamaki. Nikaiwasha simu irekodi tangu mlangoni, kwa sababu Mwalimu alisema mwanzo wa shahidi ndio mtamu, nikaiweka juu ya ndoo iliyofunikwa. Nikamweleza shida yangu yote.

"Hapana," akasema, bila kuinua macho.

"Maman, ni dakika kumi tu."

"Hata moya. Weye haukukuwa hapa. Pasta alituita sisi wawili, miye na ule mwingine, akatupatia Biblia, tukaweka mukono. Niliapa: iyi mambo sitasema na muntu yoyote mpaka kufa. Sasa unakuya na simu. Unaniona miye redio?"

"Nisipoleta sauti, siandikishwi mtihani."

Hapo akaniangalia. Maman Speciose ndiye aliyeniambia nirudi shule. Ndiye pia aliyewatangazia wanawake wote kwamba nitapata cheti, akawaambia waanze kufikiria sare ya sherehe. Aibu yangu ingekuwa yake pia, na yake ingekuwa kubwa zaidi, maana ameshatangaza hata rangi ya sare.

"Mwanangu, kiapo ni kiapo," akasema. "Ungeniuliza juu ya bei ya sambaza ningesema mpaka kesho. Twende tuombe, urudi nyumbani."

Tukasimama. Nilifumba macho nikiwa na huzuni, nikasahau kabisa kwamba simu iko palepale juu ya ndoo.

Lazima nieleze jambo moja kwa mtu asiyesali na sisi. Kwetu mtu akitaka kukusema bila kukusema, anakuombea. Mimi mwenyewe nilijua kwa njia ya maombi kwamba nyumba yangu ina kelele, kwamba mume wangu ameonekana kwenye baa ya karibu na stendi, na kwamba supu niliyopika kwenye msiba ilikuwa maji. Hakuna aliyeniambia. Waliiambia mbingu, mimi nimesimama pembeni.

Maman Speciose alianza taratibu.

"Baba wa mbinguni, uko unaona huyu mutoto wako Mwavita. Anatafuta masomo na mvi iko kichwani. Umusaidie. Anataka kujua vile tuligawanyika, na miye siwezi kusema na muntu. Lakini weye hauko muntu, Bwana."

Akavuta pumzi. Nilimsikia akijipanga.

"Unajua vile tulikuwa kikundi kimoja. Mpaka ukafungwa, na sisi tukafunga, tukakunywa maji tu, mpaka kanga zikaanza kutuanguka. Na unajua ni nani alituletea ndoto siku ya Jumamosi: Bwana amesema, Jumatatu mpaka unafunguliwa. Miye simutaji. Uko unamujua, Bwana, iko na duka la chumvi karibu na benki. Tukanunua nyanya. Uliziona zile nyanya, Bwana, zilikuwa nzuri sana. Jumatatu tukafika pale chini, maaskari wakaturudisha. Jumatatu ya pili, wakaturudisha. Tukamuuliza mwenye ndoto, akasema hakuambiwa ni Jumatatu gani. Bwana, Jumatatu ni mingi. Ni weye uliziumba. Basi umusamehe. Na harufu ile uisamehe, maana ilikaa kwangu."

Aliendelea hivyo muda mrefu. Aliombea wanawake waliotoka na waliobaki, kila mmoja na alichosema siku ile. Aliposema "Amina" tukafumbua macho, na wote wawili tukaona kioo cha simu kikihesabu.

"Ilikuwa inashika sauti?" akauliza.

"Maman, nisamehe. Nilisahau. Naifuta sasa hivi."

Akaushika mkono wangu. Alifikiri, akatoa samaki mmoja mbovu kwenye ungo, akamtupa.

"Nilisema na muntu?"

"Hapana, Maman."

"Basi acha. Peleka. Kusikiliza maombi haiko zambi."

Jumatatu jioni Mwalimu alileta spika ndogo, akaunganisha simu yangu, niliyokuwa nimeiweka pale maombi yanapoanza. Nikamwambia mapema kwamba shahidi wangu hakuulizwa maswali. Akasema tusikilize kwanza. Maman Béatrice alikuwa amekaa mbele, ameshika kalamu, ameketi wima kama mtu anayepigwa picha ya paspoti.

Sauti ikatoka: "Baba wa mbinguni..."

Darasa zima likasimama. Hakuna aliyeambiwa, miguu ilisimama yenyewe. Kofia zikavuliwa, macho yakafumbwa. Mwalimu akabaki peke yake na macho wazi, anatuangalia kama mtu aliyeingia kanisa la wenyewe. Sauti ilipofika kwenye duka la chumvi, nikafungua jicho moja. Shingo ya Maman Béatrice ilikuwa imekakamaa. Ilipofika kwenye nyanya, Mwalimu akabonyeza, sauti ikakatika.

"Hapa tusimame kidogo," akasema. "Shahidi anasema walinunua nyanya. Nani aliwaambia..."

"Mwalimu," Nzabonimana akasema, macho bado yamefumbwa, "umekata maombi."

"Ni rekodi, Papa Nzabonimana."

"Mungu hajui rekodi. Rudisha, tafadhali, kabla mambo hayajaharibika."

Mwalimu ni Mkatoliki mpole. Alifanya ishara ya msalaba, akabonyeza tena. Tukasimama hadi mwisho, na wote wakaitikia "Amina" kwa nguvu, isipokuwa mmoja.

Maman Béatrice akageuka. Nilimwona anafungua mdomo, akaufunga. Kiapo kilikuwa chake pia. Angeweza kunitukana mimi, lakini juu ya nyanya hakuwa na ruhusa ya kumwambia mtu neno lolote. Akainua mkono.

"Mwalimu, naomba tuombe."

Mwalimu hakuuliza kwa nini. Aliichukua simu yake mwenyewe mfukoni, akaiwasha, akaiweka mezani. Tukasimama tena.

"Baba," akaanza Maman Béatrice, "wewe huhitaji duka la chumvi ili umjue mtu. Unajua usiku ule nilikula maharage ya jana yake. Nikaota mlango mkubwa, watu wanapita, na kengele ya shule ya Jumatatu. Asubuhi nikamweleza rafiki yangu mmoja tu, tukichambua mboga. Nilisema 'nimeota', Bwana. Nani aligeuza 'nimeota' ikawa 'Bwana amesema'? Nani alisimama kikundini kabla mimi sijafunga kitambaa kichwani? Na nani ana shemeji anayelima nyanya kule Mibirizi? Mimi simtaji. Leo ametoa sauti yake kwenye spika."

"Hapo, Amina," akasema Nzabonimana.

"Sijamaliza. Mponye, Bwana. Mponye na yule shemeji, maana alitabasamu mwezi mzima. Amina."

Tukakaa. Darasa lilikuwa linanukia nyanya, au labda ni mimi tu. Mwalimu alikuwa anasugua mikono.

"Vizuri sana," akasema. "Tuna mashahidi wawili. Lakini Maman Mwavita, maombi mawili bado si historia. Kazi yako haijaisha. Simama utuambie umejifunza nini. Nani anasema kweli?"

Nikasimama, na kwa mara ya kwanza jioni ile macho yangu yalitakiwa kubaki wazi. Nikisema Maman Speciose, nitakuwa nimeokoa kiti changu katika kikundi, na Mwalimu ataona nimeleta ushabiki. Nikisema Maman Béatrice, ni afadhali nihamie Bukavu usiku huohuo. Ndani kwa ndani nikamwomba Roho Mtakatifu anipe jibu. Akanyamaza. Nadhani naye alitaka kusikia.

"Sijui nani anasema kweli," nikasema.

Mtu mmoja akaguna.

"Najua wanapokubaliana. Ndoto ilikuwepo. Jumatatu ilikuwepo. Nyanya zilikuwepo na zikaoza, wala hakuna aliyeniambia kwamba hazikunuka. Wanapoachana ni pale 'nimeota' ilipogeuka 'Bwana amesema'. Na kuna mambo ambayo kila mmoja ameyaruka. Maman Speciose hakusema nyanya zilitoka shamba la nani. Maman Béatrice hakusema kwa nini alinyamaza baada ya ndoto yake kutangazwa vibaya."

Maman Béatrice akaitazama kalamu yake.

"Kwa nini wameyaruka?" akauliza Mwalimu.

"Kwa sababu ya waliyekuwa wakisema naye. Ukisema na mtu aliyekuja bila kujua, unamweleza yote. Lakini Mungu anajua tayari. Anayeomba hamwelezi Mungu, anamkumbusha, na anamkumbusha kile kipande anachokipenda. Kwa hiyo hawa hawakudanganya. Ila mimi sipaswi kuwaamini kama vile Mungu anavyowaamini, maana mimi sijui vile vipande vingine. Ningetaka kumsikia na shemeji wa Mibirizi."

"Akisali?" akauliza Nzabonimana.

"Akiwa amekaa. Na macho wazi."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alikaa kwenye kona ya meza. Kisha akavuta karatasi ya wanaoandikishwa.

"Jina lako linaandikwaje, ni Mwavita moja tu, au kuna la ubatizo?"

Nikamtajia yote mawili. Akaandika. Nilisoma jina langu likiwa kichwa chini, na lilikuwa zuri hata hivyo.

Tulipotoka, Maman Béatrice alikuwa ananingoja kwenye ngazi, mkoba kwapani. Nikajiandaa kupokea. Akaangalia huku na huku, akahakikisha Nzabonimana ameshawasha pikipiki.

"Mimi bado sina kazi ya sauti," akasema.

"Najua, Maman."

"Kesho unipeleke kwa huyo mama yako."

"Mtaongea nini, na mmeapa wote wawili?"

"Nani amesema tutaongea?" Akarekebisha kitambaa chake kichwani, akaanza kushuka. "Mwambie tu afumbe macho mapema. Safari hii naanza mimi."