Tawi la Karlo

Siku ya tatu tangu afungue ua wake, Zofka alikuwa amefuta meza zile zile mara nne na hakuna kiti kilichokaliwa. Mvinyo ulijaa pipani, paja la nguruwe lililokaushwa lilining'inia likisubiri kisu. Waliokosekana ni wanywaji.

Huko Kras, nchi ya mizabibu ya Slovenia, mkulima ana siku nane za kuuza mvinyo wake uani kwake. Hatangazi redioni. Hutundika tawi la majani njia panda, na mwenye kiu hulifuata.

Mwaka huu Zofka alifungua bila Karlo kwa mara ya kwanza. Mumewe alifariki wakati wa baridi, na binti yao Nadja, aishiye mjini Ljubljana, akataka shamba la mizabibu liuzwe. "Mama, utavuna na nani?" Wakapatana: siku ya nane ikifika na mvinyo umebaki, Zofka atatia sahihi. Alikubali kwa kiburi, na sasa kiburi kile kilikuwa kinamtokea puani.

Watu wale wale waliomlilia Karlo makaburini walipunguza mwendo wa magari njia panda, kisha wakaenda zao. Zofka aliwaona kutoka dirishani, na roho ilimuuma. Kumbe walimpenda Karlo peke yake. Yeye alikuwa mwosha glasi tu.

Mchana akaingia Lojze, jirani aliyebishana na Karlo miaka thelathini kuhusu mvinyo wa nani ni bora.

"Shemeji, nimekuja kuuliza. Unafungua lini?"

"Unanikejeli?" Zofka alitupa kitambaa mezani. "Nimefungua tangu Ijumaa! Tawi hulioni?"

"Lile kavu?" Lojze alimkodolea macho. "Sisi tulidhani ni la mwaka jana, marehemu alisahau kulitoa. Tawi kavu ni pipa tupu, shemeji. Hata mbwa wangu anajua!"

Zofka akakaa kitako. Yeye mwenyewe alilijua hilo miaka arobaini. Lakini tawi lile alikuwa amelitunza darini, limefungwa kwenye shuka, na alipolitundika aliona mkono wa mumewe tu. Ukavu hakuuona.

"Ndilo la mwisho alilokata Karlo," alisema, machozi yakimtoka.

Lojze alivua kofia, akaigeuzageuza mikononi. "Angekucheka mpaka apaliwe," alisema hatimaye. "Maisha yake yote kanitambia mvinyo wake, leo mkewe anautangaza umekwisha!"

Zofka akacheka huku analia. "Nawe ungenyamaza tu. Wiki ijayo ni zamu yako, wangekuja kwako wote."

"Halafu nibishane na nani? Ngazi iko wapi?"

"Nitapanda mwenyewe. Wewe ishike isiteleze."

Alikata tawi bichi nene la mmea uliotambaa ukuta wa nyuma, akalitundika njia panda, na lile kavu akarudi nalo jikoni. Hajafika mlangoni, gari la kwanza lilikuwa limesimama. Jioni ua ulikuwa umejaa, watu wakimlaumu: "Mama Zofka, siku tatu umetuacha na kiu!" Lojze alilalamika kwamba mvinyo ni mchachu, kisha akaomba glasi nyingine.

Siku ya nane Nadja alifika na karatasi za kuuza shamba mkobani. Akakosa pa kukaa.

"Mama, zile karatasi..."

"Vaa aproni kwanza. Mvinyo umefika chini ya pipa, na meza ya Lojze inataka mayai."

Moto wa jikoni ulikuwa unafifia. Zofka alichukua tawi kavu, akalibusu, akalivunja gotini na kulisukuma motoni. Likawaka papo hapo.

"Mama! Si la Baba hilo?"

"La baba yako. Limefanya kazi yake. Vunja mayai, moto usipotee bure."

Nadja alitazama ndimi za moto, kisha akautupa mkoba chini ya meza, akajifunga aproni na kuchukua bakuli la mayai.

"Mwakani," aliuliza bila kugeuka, "tunafungua lini?"