Mchango wa Kubonyeza

Mtu akikusaidia bila kukuuliza, jiandae kulia. Nasema hivi na aliyenisaidia ni kaka yangu Amedeus, katekista wetu, tumenyonya ziwa moja. Bado nasema.

Mwaka tisini na tisa nilikuwa na tovuti. Mimi, Eveline, mjane wa Ifakara, na chumba changu cha kupiga chapa karibu na soko. Mafao ya marehemu mume wangu yaliishia kwenye kompyuta, na shemeji yangu Valeriani hakunisamehe. Alisema mwanamke mwenye akili angenunua ng'ombe wa plau. Nikamjibu ng'ombe hawezi kumwambia mtu wa Dar kama kivuko cha Kilombero kinavuka leo. Maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya tovuti yangu: kivuko kinavuka au kimekwama, barabara ya Kidatu inapitika au la, gunia la mpunga bei gani. Walanguzi walisoma. Watu wa Mahenge walioko Dar walisoma kabla ya kupakia jeneza kwenye gari, wasije wakakesha na maiti mtoni.

Kusoma walisoma bure. Wa kunilipa nilimpata mbali, kampuni moja ya Ulaya iliyoweka matangazo yake juu ya ukurasa wangu. Bima ya mbwa, jamani. Mbwa wa Ifakara hata jina hana. Lakini kila msomaji aliyebonyeza tangazo alinipatia senti kidogo, na zikifika kiwango chao wanatuma hundi. Kiwango kilikuwa kinakaribia, na ilikuwa lazima kifike, kwa sababu kompyuta ilipiga simu hadi Dar kila nilipoingia mtandaoni, na watu wa simu walishaniambia nisipolipa hadi mwisho wa mwezi wanakata. Simu ikikatwa, tovuti imekufa. Tovuti ikifa, nafunga chumba na kwenda kulima kwa Valeriani, nikisimangwa kwa kila kijiko cha wali. Hilo ndilo lililoninyima usingizi.

Haya yote nilimweleza Amedeus siku nilipomwachia ufunguo. Shangazi alikuwa amefariki Mahenge, nikamwomba kaka aingie kila asubuhi aandike habari za kivuko tu. Nilimfundisha kuingia mtandaoni. Na mdomo wangu huu, neno likanitoka: "Kila mtu akibonyeza pale juu, kaka, mimi napata kitu."

Tukazika. Wakati wa kurudi kivuko kikaharibika, nikakwama ng'ambo nikila mihogo ya watu, huku kaka yangu anaandika kwa uaminifu kabisa kwamba kivuko kimeharibika.

Nilipofika nilikuta foleni mlangoni. Jumuiya yetu nzima ya kanisani, wamevaa nguo za Jumapili na siku yenyewe ni Jumatano. Ndani, Amedeus alikuwa amemshika mkono Bibi Merina, anamsaidia kusukuma kipanya. Bibi akabonyeza bima ya mbwa, akafanya ishara ya msalaba, akampisha mwenzake.

"Tumsifu Yesu Kristo, dada," Amedeus akasema, meno yote nje. "Nimewatangazia kwenye jumuiya. Kila mtu anakuchangia. Wengine wamerudi mara ya pili."

"Tangu lini?"

"Tangu uondoke. Tunafungua asubuhi, tunafunga jioni, mtandao haujakatika hata kidogo."

Nikakaa kwenye kiti cha wateja. Siku zote hizo simu ilikuwa hewani hadi Dar, na mlipaji ni mimi. Nilitaka kumtukana. Nikawaona wale kina mama wananitazama, wanangoja niwashukuru. Nikawashukuru.

Wiki haijaisha, barua pepe ya kampuni ikaingia. Walisema mabonyezo yote yale yametoka kwenye mashine moja, mashine yangu, na huo ni udanganyifu. Hundi imesimamishwa. Kama nina maelezo, niyatoe.

Maelezo nilikuwa nayo. Ningesema hapa watu wanalipia kutumia kompyuta, wanaingia wanatoka, mimi ninajuaje wanabonyeza nini. Amedeus akakataa katakata.

"Udanganyifu, sisi? Waambie ukweli. Wakijua ni upendo, watalegea. Njia ya mwongo ni fupi."

"Na njia ya mkweli inaishia shambani kwa Valeriani," nikamjibu.

Tuligombana mpaka wateja wakaondoka. Alisema hawezi kusimama mbele ya jumuiya akijua nimeifunika kwa uongo. Mwisho nikakubali, wala si kwa utakatifu. Nilichoka, na moyoni nilimwamini kidogo. Nikaandika kwa Kiingereza maneno yake: ni kweli tulibonyeza sote, tena kwa kukusudia, ili dada yetu asikatiwe simu. Akataka na majina yawekwe, wasije wakadhani ni mizimu. Nikayaweka.

Jibu lilipokuja, Amedeus alikuja na Bibi Merina kulisikiliza.

"Wanasemaje?"

"Wanashukuru tumesema kweli."

"Si nilikwambia?"

"Kuna mstari wa pili, kaka." Nikamsomea polepole. Kwa kuwa tumekiri wenyewe, nimefungiwa moja kwa moja, na hundi haitatoka.

Amedeus akavua kofia, akaivaa tena. Bibi Merina akaniuliza, "Yaani mchango wetu wameukataa?"

"Wameukataa, bibi."

"Hata kuku kilema padri anapokea," akasema. "Na mimi nilitembea kutoka Kibaoni."

Nililia palepale mbele yao. Nilimchukia kaka yangu siku ile, nikaichukia na kampuni, na bibi wa watu nikamwonea huruma, vyote kwa pamoja. Ankara ya simu ikaja na zile siku zote ndani yake. Wakakata.

Mvua zilipoanza nilikuwa Mkula, napalilia mpunga wa Valeriani kando ya barabara ya Kidatu. Gari la kutoka Dar likasimama, jeneza limefungwa nyuma kwa kamba, na mwanamume mwenye macho mekundu akashuka.

"Pole na kazi, dada. Kivuko leo kinavuka?"

"Sijui," nikamwambia.

"Zamani kulikuwa na mtu alikuwa anatuandikia."

"Alikuwepo," nikasema.

Akanishukuru, akapanda gari. Wakaondoka kwenda mtoni, nami nikainama tena kwenye mpunga.